Mafundo Mawili ni Kijani

Mwalimu wangu wa Kemia hakuwahi kutuambia rangi ya kitu chochote. Karibu miaka minne alisimama mbele yetu akimimina dawa moja juu ya nyingine, akiinua kichupa mpaka usawa wa dirisha, halafu akiuliza, "Unaona nini?" Ukimjibu kwa maneno ya kitabu anakukatiza. "Kitabu nimekisoma. Nakuuliza wewe mwenye macho." Sheria ilitaka masomo yote yaende kwa Kiingereza, na yeye aliifuata sheria vizuri tu, ila swali hilo aliliuliza kwa Kiswahili kila mara, na hakuna aliyemkemea.

Leo na mimi ni mwalimu wa Kemia, huku Rujewa, na swali hilo nalitumia kila siku. Wanafunzi wangu wanadhani ni langu. Mkuu wangu wa shule aliwahi kunisifu kwenye kikao, akasema nina mbinu ya kuwashirikisha watoto. Nilishukuru nikakaa. Sikusema nimelitoa wapi, maana ningelazimika kusema na yaliyobaki, na yaliyobaki yananitia aibu mpaka leo, hata nikiwa peke yangu jikoni naosha vyombo.

Niseme mapema ili msomaji asihangaike: Mwalimu alikuwa hatofautishi nyekundu na kijani. Macho yake kwa mengine yalikuwa mazima. Aliweza kukuona umekaa benchi la mwisho unatafuna karanga na akakutaja bila kugeuka vizuri. Ila rangi hizo mbili, pamoja na kahawia na nyingine zinazokaribiana nazo, kwake zilikuwa kitu kimoja. Aliwahi kuniambia zote zinafanana na nyasi za mwezi wa tisa. Alizaliwa hivyo, na mtu wa namna hiyo ndiye aliyetufundisha somo ambalo nusu yake ni rangi.

Shule yetu ilikuwa sekondari ya kata, nje kidogo ya Mafinga. Asubuhi ukungu uliingia darasani kabla yetu, na maroli ya mbao yakipita barabarani vichupa viligongana kwenye rafu ya maabara. Mwalimu alikuwa akisimama kimya kuyasubiri yapite, mkono mmoja umeshika rafu, halafu anaendelea na sentensi palepale alipoiachia. Akiingia maabara alivua kofia kama anaingia kanisani. Vyombo aliviosha mara tatu, akihesabu kwa Kibena kwa sauti ya chini, na sisi tuliotoka nyumba za Kihehe tulimwigiza tukacheka. Maji ya mvua aliyakinga kwenye ndoo kwa ajili ya kuchanganyia dawa, akaandika juu yake kwa herufi kubwa SI YA KUNYWA, kisha siku za joto unamkuta ameinamia ndoo hiyohiyo na kikombe.

Hayo ndiyo yalikuwa mambo yake. Alituambia mwanafunzi atakayeonja kitu maabara atamfukuza, na nimemwona kwa macho yangu akigusa chumvi kwa ncha ya ulimi, anafikiri, anaandika jina la chumvi hiyo kwenye karatasi. Pua yake ilikuwa balaa. Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni na kutaja nani alikunywa ulanzi, pombe ya mianzi, Jumapili, na kama ulikuwa mtamu au umeshachachuka. Kwenye vipimo hakuwa na mzaha kabisa. Ukimletea jibu lako la kwanza halitazami. "Kipimo kimoja si kipimo. Rudia." Ukirudia ukapata jibu lilelile ndipo anatoa kalamu.

Na alikuwa mwongo, huyo huyo aliyetukataza kuandika hata namba moja ambayo hatukuiona. Tangu aajiriwe alimficha mkuu wa shule habari ya macho yake. Aliwaficha walimu wenzake na wanakwaya wenzake, aliwaficha wote isipokuwa mkewe.

Mkewe ndiye aliyemvalisha. Nilikuja kuyaona hayo nilipotumwa kupeleka madaftari nyumbani kwao, nikamkuta Mama amekaa kwenye kigoda, shati la Mwalimu limegeuzwa ndani nje, anatia mafundo madogo ya uzi kwenye ukosi. Shati jeupe halina fundo. Fundo moja ni bluu, mafundo mawili kijani, matatu nyekundu. Suruali na soksi hivyohivyo. Asubuhi Mwalimu alipapasa ukosi akajua anavaa nini. Kwaya yao ilikuwa na sare mbili zisizotiwa mafundo, na Jumapili moja Mama alikuwa amesafiri kwenda msibani, Mwalimu akatokea na joho jekundu katikati ya wenzake waliovaa kijani, akaimba besi mpaka mwisho, kichwa juu. Walipomuuliza alisema alidhani ni Jumapili nyingine. Watu walicheka wakasema wasomi ndivyo walivyo.

Mimi nilimgundua kwa sababu ya kalamu. Kidato cha tatu alisahihisha madaftari yetu ya mtihani wa wiki, yote arobaini na tano, kwa wino wa kijani. Shuleni kwetu wino wa kijani ulikuwa wa mkuu wa shule peke yake. Walimu walisahihisha kwa nyekundu, na hata makamu hakuthubutu kugusa kijani. Ofisi ya walimu ililipuka kwa kicheko. Walisema Mwalimu wa Kemia amempindua mkuu, wakamwita Bwana Mkuu wiki nzima, na yeye akacheka nao na kusema anajaribia cheo. Lakini mimi ndiye niliyeyapokea yale madaftari mkononi mwake. Nilisema, "Mwalimu, mbona kijani?" Nikamwona anavyoitazama kalamu. Aliigeuza akasoma maandishi madogo kwenye mfuniko, herufi kwa herufi, na masikio yake yakabadilika rangi. Yeye asingeweza kuiona hiyo rangi, mimi niliiona.

Hakuniomba nimfichie. Alifunga mlango wa maabara, akakaa juu ya meza, akasema, "Haya, umeshajua. Basi kuanzia leo utakaa benchi la mbele, dirishani. Nikiuliza, wewe ndiye utajibu wa kwanza."

"Na wengine je, Mwalimu?"

"Wengine watakusahihisha ukikosea. Ndiyo kazi ya darasa."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunihitaji kwa jambo lolote zaidi ya kuchota maji. Kwa muda, nakiri, nilitembea kama nimepewa funguo za shule.

Nataka pia kueleza alivyokuja kuwa mwalimu, maana huko ndiko na mimi nilikokuja kupita. Alisoma sayansi chuo kikuu, Kemia hasa, na alipenda kutukumbusha. "Wenzangu wote walikwenda viwandani. Mimi nikachagua ninyi." Tulikuwa tunabonyezana mbavu. Kwetu mtu aliyesoma sayansi halafu akafundisha sekondari ya kata tulimhesabu kuwa amekosa pa kwenda. Kuna wazazi waliosema hivyo mbele yake, kwa heshima lakini, "Mwalimu, kwa elimu yako si ungetafuta?" Anajibu, "Nilitafuta, nikapata hapa."

Siku moja tunaosha vyombo, mimi na yeye tu, nilimuuliza kweli ni ipi. Akaniambia. Chuoni alipita kwa macho ya rafiki aliyekaa naye meza moja. Kazi ya kwanza aliyoomba ilikuwa maabara ya kiwandani, na huko wakampa kadi za nukta za rangi asome namba. Hakuona namba. Wakamwambia asubiri nje, akasubiri mpaka mfagiaji akamwambia wameshaondoka wote.

"Kiwandani, binti, rangi ni ya mtu mmoja," alisema. "Ukikosea umekosea, na hakuna wa kukuambia. Darasani nina macho ya watoto arobaini na tano, yote mapya."

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Kwa hiyo ulikuja kufundisha kwa sababu ulikosa."

Alisuuza kichupa mara tatu. "Nilikuja kwa sababu hiyo. Sikukaa kwa sababu hiyo." Akaning'iniza kichupa kikauke, akaniambia niwahi nyumbani kabla mvua haijashuka.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Darasani walianza kuniita Jicho. Jicho la Mwalimu. Mwanzoni niliona ni sifa, kisha ikawa kero. Nikipita wanafumba jicho moja. Nikijibu swali la Historia wanasema, "Jicho limeona." Nilikuwa na marafiki wawili niliotaka sana wanipende, nikawaambia siri ili waelewe kwa nini nimewekwa dirishani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ningekuwa nimeishia hapo ningekuwa nalala vizuri. Wao waliwaambia wengine. Darasa zima likajua, na watu wakaanza kujaribu. Mwalimu anauliza wino huu rangi gani, mmoja anataja uongo, yeye ananitazama mimi, mimi nasema kweli, darasa linaguna. Ilionekana nawaharibia mchezo.

Kidato cha nne wakaguzi walikuja. Wiki moja kabla, wale marafiki zangu waliniambia, "Siku hiyo wewe ndiye useme uongo. Mara moja tu. Tukuone kama wewe ni wetu au wa Mwalimu." Nilicheka. Sikukataa.

Alikuja mkaguzi mama mmoja, mtu mzima, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, akakaa nyuma na daftari lake. Mwalimu alikuwa amevaa shati jeupe, bila shaka kwa makusudi. Siku hiyo tulikuwa tunapima chumvi ya chuma. Ukitia dawa, yanatokea mashapo. Yakiwa ya kijani chuma ni cha aina moja, yakiwa ya kahawia ni cha aina nyingine. Mambo ya kidato cha tatu. Alitia dawa, akatikisa kidogo, akainua kichupa dirishani mbele yangu. Kijani, wazi, kama mwani wa kwenye jiwe la kisima.

"Unaona nini?"

"Kahawia, Mwalimu," nikasema.

Akageuka kuandika ubaoni, kahawia, na jina la chuma kisichokuwa chenyewe. Nyuma yangu mtu alibana kicheko kikamtoka puani. Halafu darasa likanyamaza kabisa. Mkaguzi alisimama akaja mbele taratibu, akachukua kichupa, akakitazama kwenye mwanga, akamtazama Mwalimu.

"Mwalimu, umeandika kahawia?"

"Ndiyo, mama."

"Hebu tazama tena."

Hakukitazama. Aliniangalia mimi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na sura ileile aliyokuwa nayo akikurudishia daftari ukarudie kipimo. Akasema kwa upole, "Binti. Rudia. Unaona nini?"

Aibu yangu ipo hapa. Ya kwanza naweza kuiita utoto. Lakini mara ya pili nilikuwa na nafasi nzima mbele yangu, nilikuwa na muda wa kuona kidole chake gumba chenye doa la dawa, na nilijua kinachokuja, na nikasema tena, "Kahawia."

Mkaguzi alichukua boksi la chaki za rangi mezani. "Nipe ya kijani, Mwalimu." Mwalimu alilitazama boksi. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akasema mbele yetu sote, "Siwezi kuzitofautisha, mama. Sijawahi." Akavaa kofia yake, ndani ya maabara, akatoka.

Hawakumfukuza kazi. Walimwondoa Kemia wakampa Uraia na usimamizi wa shamba la shule. Tulimwona akikagua vitalu vya kabichi. Darasa lililotufuata lilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Kemia, wakinakili notisi zetu ubaoni, makosa yetu na yote. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa humo. Mimi kwenye mtihani wa taifa nilipata A. Nililetewa matokeo nikiwa nimekaa jikoni na mama, akapiga vigelegele, na mimi nikajifanya machozi ni ya furaha.

Nikaenda chuo, Mbeya, kusoma sayansi. Nilikuwa mzuri, sitajifanya. Mwaka wa pili mhadhiri wa Biolojia aliingia na kadi za nukta za rangi akazipitisha darasani. Nilisoma namba zote, sikukosa hata moja. Kijana mmoja aliyekaa mstari wa pili hakuweza kusoma hata mbili, na darasa likacheka, kicheko cha kawaida tu cha watu wasio na ubaya. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, mlima umejifunika mawingu, baridi inanichoma, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Nilijiona mtu mwenye macho mazuri kuliko wote mle ndani na niliyeyatumia vibaya kuliko wote.

Watu huuliza uliamua lini kuwa mwalimu. Mimi niliamua pale kwenye ngazi, ingawa nilichukua miaka miwili kukiri. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kazi kwenye maabara ya kiwanda kimoja pale mjini, na bosi alishaniambia nikimaliza nilete barua. Barua niliiandika. Ilikaa chini ya godoro mpaka tarehe ikapita, nikaomba kusomea ualimu mwaka mmoja zaidi.

Nyumbani ilikuwa vita. Baba mdogo, fundi seremala, aliacha randa katikati ya ubao. "Umesoma sayansi yote hiyo ukaandike ubaoni? Si ungesomea ualimu tangu mwanzo, tukajua moja?" Mama yeye alisema, "Basi kwanza usiwaambie watu." Kwa mwaka mzima majirani walijua nipo maabara. Na mimi kwenye usaili walipouliza kwa nini ualimu, nilisema ni wito. Nimelisema neno hilo mara nyingi, kwa wakuu, kwa wazazi, kwa mchungaji. Kila nikilisema namwona Mwalimu anavaa kofia.

Nikapangiwa Rujewa, kwenye joto na mpunga, ambako vumbi la mashine za kukoboa linatua hadi kwenye madaftari. Nilifurahi kwa sababu ilikuwa mbali na Mafinga. Wala si mbali. Ni barabara moja, basi linaondoka asubuhi na mchana umeshafika. Miaka sita nilipita Mafinga nikienda Iringa na kurudi, na kila basi liliposimama stendi niliinama kama natafuta kitu chini ya kiti. Nilisikia amestaafu. Nilisikia Mama, yule mkewe, amefariki. Nilinunua vocha ya kumpigia simu ya pole, nikaitumia kwa mambo mengine.

Mwaka huu tuliitwa walimu wa sayansi semina Iringa mjini. Siku ya pili tulitoka mapema, nikashuka sokoni kutafuta viatu. Kwenye meza ya nguo za mitumba nikamwona mzee ameshika shati, anapapasa ukosi wake kwa vidole viwili. Kofia ilikuwa ileile. Ningeweza kupita. Miguu yangu ilishaanza kupita, niseme ukweli, ikavuka meza mbili. Halafu nikamwona anaingiza mkono mfukoni, anatoa kiberiti, na ndani ya kiberiti hakuna njiti, kuna sindano na uzi. Nikarudi.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene." Akainamisha kichwa upande. "Hiyo sauti naijua. Ngoja. Benchi la mbele, dirishani."

Akanishika mkono, akaniuliza mama hajambo, baba mdogo bado anaranda, na mimi niko wapi siku hizi. Yeye anaishi kwa binti yake, huko juu kidogo ya soko.

"Niko Rujewa. Nafundisha."

"Unafundisha nini?"

"Kemia."

Alicheka mpaka akajishikiza kwenye meza, na mama muuza mitumba akacheka naye bila kujua sababu. "Mimi nilisikia umesoma sayansi Mbeya, nikajua umeshapotelea viwandani. Sasa kwa nini ualimu?"

Wito ulinifika mdomoni, nikaumeza. "Kwa sababu ya kile kichupa, Mwalimu. Kilikuwa kijani."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Palepale. Darasa lilinyamaza. Watoto hawanyamazi vile kwa kahawia." Alisema kama mtu anayeeleza hatua ya jaribio. "Ndiyo maana nikakuambia urudie."

Nilishika ukingo wa meza. Kumbe alijua. Alinipa ile nafasi akijua, na mimi nilimjibu vile nikijiona sijulikani. Nilimwambia nisamehe, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, watu wakageuka, na machozi yakaniteremka mbele ya wenye mitumba wote.

"Tulia, wewe ni mwalimu," akasema. "Mimi nilimaliza hilo jambo kabla ya chai ya saa nne siku ileile. Unajua nilimwambia nini yule mama mkaguzi, ofisini? Nilimwambia, yale mashapo ya kijani ukiyaacha hewani yanageuka kahawia. Si ndiyo?"

"Ndiyo, yanageuka."

"Basi. Nikamwambia binti hakudanganya, amewahi tu." Akacheka tena. "Hakuniamini. Lakini aliandika."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeyaandaa maneno yake ya hasira, na majibu yangu. Nilijisikia mdogo kuliko siku ile ya darasani.

"Kwa hiyo ulikuja kwa aibu," akasema. "Haya. Na unakaa kwa nini?"

Nikamwambia kuna siku nainua kichupa, nauliza, na mtoto mmoja anaona kitu ambacho mimi sikukiona, na mimi na macho yangu yote haya. Siku hiyo natembea hadi nyumbani bila kusikia jua.

"Basi umekaa," akasema, akarudi kwenye shati lake. Alieleza kwamba mashati aliyotia mafundo Mama yameanza kuchanika, na binti yake anatoka kazini amechoka, na yeye hapendi kumsumbua kila asubuhi. Kwa hiyo anatia mwenyewe hapohapo anaponunua, kabla hajasahau. Alitunga uzi mara ya kwanza bila kukosea. Akaninyooshea shati.

"Hili rangi gani?"

"Kijani, Mwalimu."

"Kijani gani?"

"Kama majani ya chai. Yaliyokomaa."

Akaitikia kwa kichwa. Akageuza ukosi, akachoma sindano, akavuta uzi mpaka mwisho. Kisha mkono wake ukasimama. Hakunitazama. Alimgeukia muuzaji, kwa upole uleule wa zamani, akamuuliza, "Eti mama, hili shati rangi gani?"

"Kijani hiyo, baba," mama akasema huku akikunja suruali.

"Haya."

Akafunga fundo la kwanza, akafunga la pili. Kipimo kimoja si kipimo, mwenyewe alitufundisha, na mimi nawafundisha wangu hivyohivyo, na yawezekana kabisa ilikuwa ni hilo tu na hakuna zaidi. Alininyooshea ukosi nimsaidie kukata uzi. Niliukata kwa meno, nimeinamisha kichwa, na nikabaki nimeinama hivyo muda mrefu kuliko uzi ulivyohitaji.